Migomba Miwili ya Bibi Paskalina

Mgeni rasmi, baba yetu Mkuu wa Wilaya, shikamoo. Historia tunayokusomea tuliisikia kwa Bibi Paskalina mwenyewe, Jumapili iliyopita, tukimenya mihogo uani kwake.

MAKARIBISHO
Karibu Buseresere. Tunajua umekuja kufungua kisima, na tunashukuru. Utuvumilie kidogo na habari ya maji mengine.

HISTORIA
Wakati wa vita vya pili vya wazungu, Mwigulu, mume wa Paskalina, alichukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza. Meli iliyokuwa ikiwapeleka vitani Bama ikapigwa, ikazama. Hapa kwetu mtu akipotelea majini tunakata mgomba, tunauvika sanda, tunauzika kama yeye, ndipo matanga yanaanuliwa. Wakwe wakakata mgomba. Umeshafika mlangoni, bwana mmoja wa serikali ya wakati ule akaja mbio: "Ngojeni! Wengine wameokolewa!" Vigelegele! Mgomba wakautupia ng'ombe. Mwigulu hakurudi. Paskalina, na mimba yake, akangoja. Mtoto akazaliwa, Justa, akakua, akaota mvi, na mama yake bado anageuza shingo kila lori likisimama.

Novemba iliyopita Justa alivuka ziwa kwenda visiwani kununua dagaa. Hakukuwa na vita safari hii. Ni upepo, na boti imejaa. Ikazama.

TULIYOYAFANYA
Tumelala chini na Bibi kwa zamu, kama ilivyo desturi. Bhanumati, Mama Sanket wa duka la vitenge, alileta sanda bila kuombwa, tena mbili. Bibi akamtania, "Mama Sanket, leo umekata kitambaa bila kupima?"

"Nimepima, bibi. Wako ni wawili."

MATATIZO
Mtendaji wetu wa kijiji, Cornel, ni kijana mwema. Alikuja kutoa pole, akasema, "Bibi, subiri kwanza. Nasikia kuna watu wameonekana kisiwani."

"Mume wangu," Bibi akamwambia, maana ni rika la wajukuu zake, "maneno hayo nimeishi nayo miaka mingi kuliko nilivyoishi na Mwigulu."

Cornel akainamisha kichwa, lakini neno lake hakuliondoa. Tangu hapo wanaume wanaogopa kushika jembe wachimbe kaburi, wakisema je, Justa akirudi? Matanga hayaanuliwi. Palizi ya pamba imetushinda, migongo inauma, na tuseme kweli, baba, tumechoka.

MAOMBI
Tunaomba mkono wako tu. Leo alfajiri tumekata migomba miwili, tumeivika, tumeilaza shimoni nyuma ya nyumba. Shimo tumechimba wenyewe, akina mama. Tia udongo wa kwanza, wewe uliye serikali, ili asitokee tena mtu wa serikali kusema ngojeni.

Tulipanga Bibi asimame mbele yako aombe mwenyewe. Lakini migomba ilipokwisha kushuka, alikaa ukingoni akitazama njia. Kisha akauliza, "Hakuna anayekuja?"

"Hakuna, bibi."

"Kweli?"

"Kweli."

Mungu akubariki wewe na nyumba yako, akulinde safarini, nchi kavu na majini. Bibi ni yule pale, kichwa mapajani mwa Mama Sanket. Amelala. Udongo, baba, uutie polepole.

Ni sisi,
Umoja wa Akina Mama wa Zamu,
Buseresere, Januari 1995