Chai ya Ghorofa ya Nne

Mheshimiwa Mganga Mkuu, wauguzi wetu wapendwa, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wenzangu wa kifua kinachobana: habari za asubuhi!

Nimepewa nafasi, kwa niaba ya wagonjwa wa pumu, ya kumuaga mtaalamu wetu wa mazoezi, Dada Vuta, anayehamishiwa kituo kingine. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea kuongea nikiwa na pini mdomoni, kwa hiyo mnivumilie.

Ndugu zangu, mwenye pumu huambiwa nini kliniki? "Puliza! Puliza kwa nguvu!" Basi Dada alipotugawia vile vifaa vidogo vya kuzoeza misuli ya kupumulia, tukafanya nini? Tukapuliza! Wiki nzima, kila mtu nyumbani kwake, anajisifu kwamba zoezi lenyewe ni rahisi kama kunywa maji. Tuliporudi, Dada alicheka mpaka akaketi. "Jamani, hiki hakipulizwi, kinavutwa! Kinawabania hewa makusudi, ili misuli ipate kazi." Tukavuta. Lo! Mzee Kinyozi, aliyejigamba kuliko wote, alitoa macho kama aliyebanwa kidole mlangoni. Jina la Dada Vuta likazaliwa siku hiyo.

Lakini mimi nilikuwa na langu moyoni. Mama yangu anakaa ghorofa ya nne, na jengo halina lifti. Kwa miaka mingi alikuwa akishuka yeye, tunaongea pale chini kwenye ngazi. Kisha magoti yakamkatalia. Ikawa tunapungiana mikono, yeye dirishani, mimi barabarani. Nikamwambia Dada, "Nitamzika mama bila kuingia kwake." Hakunipa ahadi yoyote. Alinijibu, "Dawa zako usiache, kaka. Na hiki, asubuhi na jioni, vuta."

Nikavuta. Kuna siku nilikitupa uvunguni kwa hasira. Mke wangu akakiokota, akakiosha, akaniwekea mkononi.

Jumapili iliyopita nilipanda. Nilipumzika kila ghorofa, sitawadanganya. Mlango ukafunguliwa, mama akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Umechelewa. Chai imepoa." Nikalia kama mtoto, na pumzi ya kulilia nilikuwa nayo.

Dada Vuta, nenda salama. Huko uendako nako watapuliza, usiwacheke sana.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Sasa niruhusuni niondoke mapema kidogo: leo nimeahidi kufika chai ikiwa bado ya moto.