Amplifaya Iliyopona

Benchi la mbele ya duka la Fundi Redio lina miguu mitatu na matofali mawili, na anayekaa upande wa matofali hutakiwa asichekecheke. Asubuhi hiyo alikaa Kinyozi, ambaye akicheka hucheka mwili mzima, kwa hiyo kila mtu alishika kikombe chake vizuri. Pembeni yake alikuwa Wakili. Uwakili wake ni kwamba aliwahi kwenda mahakamani mara moja, kama shahidi, na hajarudi kuwa mtu wa kawaida tangu hapo. Mama Kahawa alisimama na birika lake. Fundi Redio mwenyewe alikuwa mlangoni kwake, kichwa kimezama ndani ya redio ya mteja, akijifanya hasikii. Alisikia kila neno, maana aliyekuwa akisemwa ni mpwa wake.

Redio zilikuwa zimetangaza: Nyuzi na Ngumi, wale wawili wa muziki wa roki, wameahirisha tamasha la Jumamosi. Nyuzi ndiye wa gitaa, na ndiye aliyelelewa ndani ya duka lile. Ngumi, dada mmoja, anapiga dramu. Basi, hawana mtu wa tatu.

— Wamegombana, alisema Wakili. Bendi ya watu watatu ina kura. Ya wawili, kila siku ni sare.

— Kama ni nywele amenyoa, nimekwisha, alisema Kinyozi. Yule nilimtengeneza mimi. Alikuja nimnyoe kipara, nikakataa. Mpiga roki bila nywele ni fundi bomba tu.

— Hukukataa, alisema Wakili. Mashine yako ilikuwa imeungua.

— Ilikataa kwa niaba yangu!

Mama Kahawa akacheka.

— Hebu niacheni. Gitaa lake la kwanza lilikuwa debe langu la kahawa na nyaya za breki za baiskeli.

— Baiskeli ya nani? Wakili aliuliza, kikombe kikasimama hewani.

— Ya mtu mmoja hivi.

— Kumbe! Wiki nzima nilijiuliza kwa nini haisimami!

— Mbona ilisimama, alisema Kinyozi. Kwenye ukuta wa shule.

Benchi likatikisika, kahawa ikamwagika.

— Mnakumbuka harusi yake ya kwanza kupiga? aliendelea Mama Kahawa. Bibi harusi alilia.

— Kwa furaha, alisema Kinyozi.

— Kwa masikio. Na Ngumi je? Alikuwa anachomelea mageti jirani na ukumbi. Akaja na nyundo amwambie Nyuzi apunguze kelele. Kufika, nyundo yenyewe inafuata mdundo kwenye bomba la chuma. Hawajaachana mpaka leo.

— Mpaka juzi, alisema Wakili. Sasa sikilizeni. Kisa ni ule mkwaruzo.

Hapo ndani mlangoni, Fundi Redio alijiunguza kidole.

Mkwaruzo wa gitaa la Nyuzi haukuwa na mfano. Watu walilipia viingilio kuusikia.

— Kuna serikali imeununua kwa siri, alisema Wakili. Wanafukuzia nzige. Ameuza, sasa hana.

— Nzige wanapenda muziki, wewe. Ndani ya spika mna nyigu, alisema Mama Kahawa. Amewafuga. Wamezeeka, wamekufa, tamasha nalo limekufa.

— Bendi inasafiri kwa ndege, nyigu gani wapande ndege? Mimi nasema ni meno, alisema Kinyozi. Analing'ata gitaa kwa nyuma. Meno yameisha.

Fundi Redio angeweza kuwanyamazisha kwa sentensi moja, lakini sentensi hiyo ilimkaba miaka tisa. Mkwaruzo ule ulikuwa kazi yake mbovu. Siku moja kabla mpwa wake hajaondoka kwenda kutafuta maisha, alimtengenezea amplifaya ya mtumba, ikatoka inakoroma. Kijana aliijaribu, akamtazama mjomba wake, akaifunga kwa blanketi bila neno. Alfajiri hakuwepo, hata kwaheri hakuna. Redio za mtaa mzima zilipona mikononi mwa Fundi, na mtoto aliyemlea mwenyewe akamfungia uozo. Kila wimbo ulipopigwa watu walicheza, naye alisikia kosa lake likitangazwa nchi nzima. Iliuma kweli.

— Shikamooni.

Wakageuka. Dada mmoja mwenye mikono ya mchomelea mageti alitua chini mzigo uliofungwa kwa blanketi. Alikuwa Ngumi mwenyewe.

— Amplifaya hii aliitengeneza nani?

Waliomtengeneza Nyuzi tangu nywele hadi gitaa wakawa wadogo ghafla.

— Mimi nanyoa tu, alisema Kinyozi.

— Mimi sina maelezo mpaka nipate wakili, alisema Wakili.

Fundi Redio akatoka, kidole bado mdomoni.

— Ni mimi, mwanangu. Najua ni mbovu. Nimejua miaka yote hii.

— Mbovu? Mzee, wameiponya! Tuliipeleka kwa mafundi wakubwa wabadilishe swichi tu. Wakaona aibu kuirudisha inakoroma, wakaisafisha yote. Sasa inatoa sauti safi kama maji ya kunywa. Watu wanauliza nani hawa. Nyuzi amegoma kupanda jukwaani, anasema aliyeweka sauti yake humo ni mjomba. Nimekuja uniambie kitu kimoja. Ulifanyaje?

Fundi akafungua mgongo wa amplifaya, akachungulia. Kila waya mahali pake, kila lehemu inang'aa.

— Sijui, alisema Fundi Redio. Ningejua nilivyofanya, nisingefanya.

Akakaa chini, amplifaya mapajani. Alitaka kucheka, macho yakamjaa machozi.

— Umeme ulikuwa umekatika. Duka giza totoro mchana kweupe. Niliinama hivi, na mpwa wangu kanishikia tochi pale… Yuko wapi?

— Kwenye gari, pale kona. Ameshindwa kushuka. Aliondoka bila kuaga kwa sababu alikuwa analia kwa uchungu wa kukuacha, hakutaka umwone. Mpaka leo anadhani umemkasirikia kwa hilo.

— Mimi?

Kinyozi akainuka kuchungulia kona, benchi likayumba, kahawa yote ya Wakili ikaishia kwenye suruali. Wakili hakutaja mahakama.

Fundi Redio alifuta mikono kwenye suruali mara mbili. Kisha akatungua tochi kwenye msumari, akaiwasha, akaizima, akampa Ngumi.

— Mpelekee hii. Mwambie kazi haijaisha, aje anishikie.