Delbert Stillcloud na Mkia Uliobebwa kwa Tipa

Mwenye nyumba ya mazishi alinipa karatasi yenye mistari saba, eti nimjaze mdogo wangu humo. Miaka sabini na saba kwa mistari saba. Nikamrudishia karatasi yake. Mimi Ione, dada yake mkubwa, shule niliiona miaka minne tu na kuandika kunaniumiza vidole. Lakini nimeandika, na mtasikiliza mpaka mwisho hata supu ya mahindi ikipoa.

Marehemu Delbert Stillcloud alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1941, hemani, kwenye mashamba ya kinamasi karibu na Black River Falls, watu wakivuna matunda mekundu. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu baba yetu Amos na mama yetu Stella, wa ukoo wa Ngurumo. Siku ya tatu mama alirudi kuvuna. Aliyembeba ni mimi.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1948 hadi 1955. Huko mwalimu aliwafundisha kwamba matuta ya udongo yaliyo kando ya maziwa yetu, yenye umbo la ndege, la dubu na la mnyama wa maji, yalijengwa na watu wasiojulikana, na watu hao walitoweka. Delbert akanyoosha mkono akasema hawajatoweka, wawili wako dawati la nyuma wanakula mkate. Alichapwa. Na leo bado wanaandika kwenye mabango yao, fumbo la kale. Fumbo kwao. Sisi hawakutuuliza, na walipouliza waliuliza vibaya, kama mtakavyosikia.

Kuanzia 1961 hadi 1994 aliendesha tipa kwenye kazi za barabara. Hakuwahi kupindua gari.

Tarehe 22 Juni 1966 alimwoa wifi yangu Lorena, wa ukoo wa Maji, kwa kuwa kwetu koo za juu angani huoana na koo za chini, za ardhi na maji. Kaka yake Lorena, Wendell, alianza kumtania siku hiyohiyo ya harusi: "Shemeji, ngurumo yako ni ya tumbo tu." Delbert akamjibu, "Basi muulize dada yako amepika nini." Wametaniana hivyo miaka hamsini na tatu. Jana Wendell alipokuwa akilichimba kaburi hili, maana kuzika ni kazi ya upande wao, nilimsikia akilalamika kwamba shemeji amenenepa makusudi ili amchoshe.

Sasa nasema lile ambalo karatasi haikuwa na mstari wake. Pale juu ya ziwa kuna tuta la mnyama wa maji, na habari zake ni za ukoo wa kina Lorena. Mkia wake ulikuwa hatua tisini. Mwaka 1998 wakubwa wa wilaya walitaka maegesho ya mashua, wakaita mkutano tarehe 9 Septemba. Lorena alikuwa hospitali, amepasuliwa nyonga. Wendell alikuwa Nebraska, msibani. Delbert akaenda peke yake kuwaomba wasubiri. Mwenyekiti akamuuliza, mnajua maana ya tuta hili au hamjui? Delbert akasema, "Si langu kulisema. Wenyewe wanakuja." Wakaandika kwamba wenyeji hawajui. Wiki mbili baadaye tingatinga likaukata mkia.

Nilimkasirikia, sifichi. Nikamwambia angesema lolote tu. Akaniambia, "Dada, nikisema ya wakwe zangu, siku yangu atanizika nani?" Na alisema kweli. Hata leo mimi sitasema. Muulizeni Lorena, na mkienda msiende mikono mitupu.

Lakini hakukaa bure. Madereva waliobeba udongo ule aliwafundisha yeye kazi. Aliwafuata nyumba kwa nyumba, akawauliza kila tipa ilimwaga wapi, akaandika majina ya wenye bustani. Tipa thelathini na moja. Udongo uliobebwa na wazee wa kina Lorena kikapu kimoja kimoja uligawiwa mjini, wa kupandia maua.

Mwaka 2014 figo zake zilianza kushindwa. Alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na njiani alitaka tupite penye bustani hizo azihesabu. Alifariki nyumbani tarehe 11 Mei 2019, saa kumi na moja alfajiri, Lorena amemshika mkono. Leo ni siku ya nne.

Ameacha mjane Lorena, watoto watatu, Renata, Curtis na Marlys, wajukuu sita, shemeji Wendell, na mimi. Aende salama, njia yake imeshatengenezwa. Yetu bado.

Orodha yake ninayo mimi. Majina kumi na tisa kati ya yaliyomo yamekaa hapa, yamevaa nyeusi, yanalia vizuri. Asanteni kwa machozi. Kesho saa mbili asubuhi Wendell na Lorena watakuwa pale ulipokatwa mkia, na wao ndio watakaosema uwekwe vipi. Ng'oeni waridi zenu, jazeni magari, leteni udongo. Asiyekuja nitakuja kwake mwenyewe, na koleo.