Mbuzi Aliyepewa Shikamoo

Siku ya tatu ya Idi Kubwa, kwenye baraza ya mshona kanzu mjini Ibra, walikaa watatu na birika la kahawa. Mwenye birika ni Thani, waliyemwita Profesa kwa kuwa hakuna asilolijua. Saud walimwita Antena, maana utotoni ndiye aliyepandishwa juu ya paa kuizungusha antena mpaka picha itulie. Wa tatu Khalaf, mtu wa maneno machache, na simu alikuwa nayo yeye. Mtu alimrushia kipande cha kile kipindi cha zamani, Jioni ya Vicheko, toleo la Idi. Nyimbo, ngoma, halafu mchezo: mzee karudi kutoka Zanzibar, anaingia kwa jamaa zake kutoa mkono wa Idi. Kiarabu kinamponyoka. Anamwinamia kila mtu, mwisho hata mbuzi aliyefungwa mlangoni anampa shikamoo. Ukumbi mzima unaangua kicheko.

Khalaf akakirudisha mwanzo.

— Mchezaji huyu wa kwetu, alisema. Lazima ni wa kwetu, sisi tuliorudi kutoka Zanzibar.

— Wa kwetu wapi? alisema Antena. Anainama kama kadondosha meno.

— Mama yake mtu wa Wete, alisema Profesa. Ndiyo wakasema, kuku wa maskini hatagi.

— Kuku kaingilia wapi? Yule mbuzi.

— Yote mifugo.

— Wallahi si wa kwetu. Alikuwa akija harusini kwetu, anajifanya mpishi wa pilau, kumbe anatuiga.

— Weye hujui. Yule wala si mchezaji. Ni mzee wa kweli, alikuwa akitafuta nyumba ya binamu yake, akaingia stesheni ya televisheni. Wakamwashia kamera.

— Na mbuzi?

— Mbuzi ndiye mchezaji.

Wakacheka. Khalaf alitabasamu kidogo. Tangu Idi ile kipindi kilipotoka, baba yake hakuingia tena nyumba ya mtu kutoa mkono wa Idi. Alimtanguliza Khalaf aseme, yeye akasimama getini, kimya, mpaka alipokufa. Kama mchezaji alikuwa wa kwetu, basi kile kilikuwa kicheko cha nyumbani, na mzee hakuondoka na donge.

Akaja Adham, mkwe wa Profesa, kutoka Nizwa. Wazazi wake walirudi kutoka Burundi. Akawaamkia wote watatu shikamoo, wakamwitikia, akakitazama kipande kile bila ya kucheka.

— Mlikionea wapi, wazee wangu?

— Kwa kina Khalaf, alisema Profesa. Baba yake alinunua televisheni kwa Idi ile. Mtaa mzima ulikuwepo.

— Na yeye baba alicheka?

Profesa akamtazama Antena.

— Miye nilikuwa juu ya paa, alisema Antena.

Wakamgeukia Khalaf. Naye siku ile alikuwa amekaa mkekani, mbele kabisa, kampa baba yake mgongo, akicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakugeuka. Alisikia sauti ya mama yake tu, nyuma, ikimuuliza baba: “Mbona unatikisa kikombe? Si cha kwanza hiki?”

— Sijui, alisema Khalaf.

Profesa akainua birika amwongeze. Khalaf akakitikisa kikombe, kama afanyavyo mtu aliyetosheka.

— Ah, Khalaf. Cha kwanza tu hicho.