Kipaza, Aliyemsikia Fundi Saa

Ndugu waombolezaji, majirani, na wafanyakazi wenzake wa Idara ya Bustani na Viwanja: huu ni wasifu wa dada yetu, aliyewapandisha wageni mlimani kwetu kwa miaka thelathini na minne. Umeandikwa na mdogo wake wa mwisho, kama marehemu mwenyewe alivyoagiza, pamoja na ile sehemu ambayo baadhi yetu tungependa iachwe. Marehemu asiposemwa yote aliyoyatenda, anakuwa amesifiwa mtu mwingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya pili kutoka tangi la maji, mtaa wa juu kabisa, pale lami inapoishia na ngazi za mlimani zinapoanza. Alikuwa kifungua mimba kati ya watoto wanne wa baba seremala na mama aliyeshona mashuka ya hospitali. Tangu utotoni alikuwa na sauti ambayo ukoo mzima haukujua ilitoka upande gani. Mama akimtuma kuwaita wadogo zake waliokuwa wakicheza uwanjani, mitaa mitatu chini, hakuondoka mlangoni. Alivuta pumzi tu, na sisi tukaacha mpira. Baba alikuwa akisema, "Huyu tusimnunulie redio, tutahamishwa mtaa." Ndipo akaitwa Kipaza, na jina likamganda kiasi kwamba mwalimu wake mmoja aliliandika kwenye ripoti ya muhula akidhani ndilo lililomo kwenye rejista.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, na sekondari kuanzia 1975 hadi 1978. Kengele ya shule ilipopasuka, alipokuwa kidato cha pili, mwalimu mkuu alimtumia yeye kwa muhula mzima. Alisimama kwenye ngazi za ofisi, akaita, "Vipindi!" na hata mafundi wa jengo la jirani wakashika zana zao. Mwaka 1980 alipata cheti cha utunzaji wa bustani, akaajiriwa vitaluni kwa mtu binafsi kwa miaka minne.

Tarehe 2 Aprili 1984 aliingia Idara ya Bustani na Viwanja ya mji wetu. Kwanza alipalilia maua kuzunguka bwawa la kuogelea na kufagia njia ya baiskeli. Mwaka 1987 akapewa kazi iliyomfaa: kuongoza wageni hadi Jabali Linaloitika. Kila aliyekulia hapa anapajua. Unapanda ngazi mia nne na kumi na mbili, unafika kwenye jukwaa lenye ukingo wa chuma, na mbele yako, ng'ambo ya korongo, limesimama jabali jeupe. Ukiita, linakurudishia. Marehemu aliwafundisha wageni kuita kwa pamoja, "Uko wapi?" na jabali likajibu, "Wapi... wapi..."

Mwaka huohuo alitunga maneno ambayo baadaye aliyajutia. Kundi la wanafunzi wadogo lilikuwa limechoka katikati ya ngazi, wawili wanalia, mwalimu wao amekaa chini kabisa. Akawaambia, "Inukeni, wanangu. Jabali likimpenda mgeni, siku hiyo halirudishi maneno yake. Linajibu kwa maneno yake lenyewe." Watoto waliinuka wakakimbia. Ulikuwa uongo mdogo wenye huruma, wa aina ile tunayoisamehe kabla haijaombewa msamaha. Idara ikaupenda, ikauchapa kwenye vipeperushi, ikaubandika kwenye ubao wa kibanda cha wageni. Baada ya miaka michache watu walikuwa wakimsimulia yeye mwenyewe kwamba ni masimulizi ya wazee wa kale.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1988 na fundi bomba wa bwawa la kuogelea, ambaye yuko nasi hapa. Walijuana kwa kelele. Siku moja bomba la kibanda cha wageni lilipasuka, na marehemu, badala ya kutuma mtu, aliita kutoka juu ya ngazi, "Fundi! Maji yanatumaliza!" Fundi alikuwa ndani ya chumba cha pampu, mlango umefungwa. Shemeji anasema, "Nilidhani mlima umenitaja, nikajua siku zangu zimefika." Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Sasa tunafika kwenye Alhamisi, tarehe 9 Novemba 1995.

Alasiri ile marehemu aliwapandisha wageni ishirini na sita kutoka ofisi moja ya bima. Hapakuwa na upepo. Walifika jukwaani saa tisa na nusu, wakajipanga kwenye ukingo, wakaita, "Uko wapi?"

Jabali likajibu, "Niko huku!"

Walipiga makofi. Dada mmoja akasema, "Jamani, leo tumependwa!" Wakaita tena. "Niko huku! Huku chini!" Mzaha ukapamba moto. Mmoja akapaza sauti, "Liulizeni bosi atastaafu lini!" na bosi mwenyewe akacheka hadi akashika ukingo. Wakaita mara ya tatu, wakajibiwa mara ya tatu. Marehemu alicheka pamoja nao. Miaka minane alikuwa amesimulia habari ya jabali lenye maneno yake, na mtu akisimulia jambo miaka minane, sehemu fulani ya moyo wake huanza kulingoja.

Akawaambia muda umekwisha, basi linasubiri. Walipokuwa wameteremka ngazi kama thelathini, sauti ilikuja mara ya nne. Safari hii hakuna aliyekuwa ameuliza.

Marehemu alisimama. Mgeni aliyekuwa nyuma yake akamwambia, "Twende dada, dereva anapiga honi." Akateremka.

Chini ya jukwaa, kwenye ufa ambao hauonekani kutoka kwenye ukingo, alikuwa ameanguka fundi saa wa kibanda cha karibu na soko, mtu wa miaka hamsini na miwili, aliyeshauriwa na daktari atembee kila Alhamisi kwa ajili ya sukari. Alikuwa amepita njia ya mkato. Sauti yake ilikwenda kugonga jabali la mbele na kurudi kwa wageni kutoka huko, ndiyo maana hakuna aliyetazama miguuni pake. Siku mbili alitafutwa upande wa njia ya baiskeli, ambako majirani walizoea kumwona. Marehemu hakuwa na zamu hadi Jumatatu, wala habari za kupotea kwake hazikumfikia. Jumatatu asubuhi, tarehe 13, alikuta mwili wake ukiteremshwa ngazi kwa machela. Meneja wa wakati ule, kwa nia ya kufariji, alimwambia mjane kwamba mumewe alifariki papo hapo, hakuteseka.

Jioni ile marehemu alikuja kwa mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma hapa, wakati huo mwalimu mpya mwenye stashahada mpya na majibu mengi. Alimweleza yote. Akauliza, "Niende kwa mjane?" Akajibiwa, "Mama wa watu ameshafarijiwa. Ukienda na habari hizo utamzika mumewe mara ya pili. Nyamaza." Lilikuwa neno baya lililovaa nguo za hekima. Marehemu alilitii kwa miaka kumi na miezi minne.

Waliozaliwa baada ya mwaka ule hawaelewi kwa nini tulimwita Kipaza. Hawakuwahi kumsikia akipaza sauti. Nyumbani aliongea kama mtu aliye kwenye chumba cha mgonjwa, na kila mara alikuwa anasikiliza. Mtoto akiita kutoka bafuni, "Mama, taulo!" alifika mbio, mikono ina sabuni, akisema, "Nimekusikia, nimekusikia." Watoto, kwa kuwa ni watoto, waliigeuza kuwa faida. Mwanawe anakiri kwamba alikuwa akimwita mama yake kutoka kitandani ili azimiwe taa. Lakini mumewe anakumbuka mengine: kumkuta amesimama uani mchana kweupe, nguo mbichi mkononi, uso umeelekea mlimani. Akimuuliza kuna nini, humjibu, "Ngoja kwanza." Alasiri isiyo na upepo sauti za wageni hufika hadi madirishani mtaa wa juu, na yeye alizipambanua moja moja hadi ajue zote ni za watu wanaocheka.

Kazini aliweka utaratibu wake. Kila kundi likifika jukwaani, kabla ya kuita, lilinyamaza dakika kumi, akizihesabu kwa saa ya mkononi. Yeye alilala kifudifudi na kuchungulia chini ya ukingo. Malalamiko yalijaa ofisini. Mzee mmoja alimfokea, "Binti, nimepanda ngazi mia nne kuja kunyamaza? Kunyamaza si ningenyamaza kwangu?" Akamjibu, "Nyamaza hapa pia, mzee wangu. Kwako hakuna shimo." Mwezi wa Julai 2003, ndani ya dakika hizo kumi, alisikia mwanamke aliyeteguka kifundo cha mguu, akaokolewa. Idara ilitaka kumpa cheti. Alikataa, na alikuwa na haki ya kukataa, kwa maana mtu mmoja si chenji ya mwingine.

Alijitahidi pia kuifuta hadithi yake. Aliandika barua saba ofisini, ubao haukuondolewa. Aliwaambia wageni kwamba jabali halina maneno, kwamba yeye ndiye aliyetunga. Kijana mmoja alimwonea huruma: "Bibi, wewe huijui historia ya hapa." Ubao ule upo hadi leo, umepakwa rangi mpya mwaka jana. Mkuu wa Idara yupo kati yetu na amesikia.

Jumamosi, tarehe 18 Machi 2006, bila kumwomba mtu ushauri tena, alikwenda kwenye kibanda cha saa. Mjane alikuwa amejifunza kazi ya mumewe na ndiye fundi. Marehemu alingoja mteja aondoke, akasema yote akiwa amesimama. Mjane hakuinua macho kwenye saa aliyokuwa ameifungua. Aliuliza, "Sauti yake ilikuwaje?"

"Ilikuwa imara, mama. Haikuwa ya kulia."

"Mara ngapi?"

"Nne."

Mjane akafunika ile saa. "Miaka kumi umekaa na maneno ya mwisho ya mume wangu, mimi nimekaa na kimya. Toka kibandani kwangu."

Akatoka. Miaka miwili hawakusemeshana. Kisha Alhamisi moja mjane alipanda ngazi peke yake, akasimama kwenye ukingo katika zile dakika kumi, akashuka bila salamu. Alhamisi iliyofuata akaja tena. Walisimama hivyo miaka kumi na mitatu, hadi marehemu alipostaafu mwaka 2021. Wafanyakazi wenzake wanasema waliwasikia wakizungumza mara moja tu. Mjane aliuliza, "Ni pale?" Marehemu akasema, "Ni pale."

Mwezi wa Februari mwaka huu marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari waligundua moyo umetanuka. Alilazwa mara tatu, katika wodi ya vitanda sita. Wauguzi walishindwa naye. Mgonjwa yeyote akiguna, yeye alishuka kitandani na dripu yake mkononi, akaenda kumwinamia: "Nakusikia, mama. Nipo." Muuguzi akamgombeza, "Bibi, wewe ndiye mgonjwa!" Akasema, "Najua, mwanangu. Lakini yule ameita." Katika juma lake la mwisho alikuwa akiomba dirisha lifunguliwe, kisha akiomba lifungwe, na hakusema alichokisikia. Alifariki Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, saa nane mchana, mumewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda.

Agizo lake la wasifu huu liliwagawa wafiwa. Shemeji alisema mke wake ameadhibiwa vya kutosha, asivuliwe nguo kaburini. Ni hoja ya mtu anayependa, na haikustahili kupuuzwa. Kwa hiyo juzi tulikwenda pamoja kumuuliza mjane wa fundi saa, kwa kuwa aibu ilikuwa yetu lakini kifo kilikuwa chake. Tulimsomea karatasi hizi kibandani.

Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Someni. Ila ile ya papo hapo, watu waambiwe haikuwa kweli. Mume wangu aliitwa, akaitika. Alikuwa mtu wa adabu."

Tukashukuru, tukainuka. Akatuzuia. "Na mimi mniandike kati ya wafiwa."

Shemeji akamuuliza kwa upole, "Tukuandike kama nani, mama?"

"Nyinyi andikeni tu. Nikishajua nitawaambia."

Marehemu ameacha mume, fundi bomba mstaafu; binti, muuguzi; mtoto wa kiume, fundi umeme; wajukuu watano; wadogo watatu; na mjane wa fundi saa.

Alale kwa amani. Yaliyo yake tumeyasema yote.