Risala ya Kumwombea Mwalimu Melchior Arudishiwe Ufunguo wa Chumba cha Muziki

Mgeni rasmi, mama Mkurugenzi kutoka ofisi ya Lilongwe. Viongozi wetu mlioketi kwenye viti vyenye mito. Wazazi wetu mlioketi kwenye viti visivyo na mito. Na wewe Étienne, mkalimani wetu:

KUKUKARIBISHA

Sisi watoto na vijana wa Kikundi cha Masikio ya Jumamosi tunakukaribisha kambini Dzaleka kwa heshima yote iliyobaki. Tunasema iliyobaki kwa sababu wewe ni mgeni wa nne tangu mwaka uanze, na kila mgeni tunampangia mistari, tunampigia ngoma na kumsubiri. Tuliambiwa utafika saa tatu. Sasa inakaribia saa saba. Hatulalamiki. Tunaeleza tu kwa nini wadogo wawili wa mstari wa mbele wamelala, na tunaomba wasiamshwe.

Étienne, leo tafsiri yote. Mara iliyopita tulisoma ukurasa mzima kuhusu vyoo, nawe ukamwambia mgeni kwamba tunashukuru.

HISTORIA YA KIKUNDI

Kikundi kilianza mwaka 2023, wakimbizi waliokuwa wakiishi mjini waliporudishwa kambini. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Melchior, aliyekuwa akishona sare za shule kule Chilinde, Lilongwe. Zamani, kabla vita havijamtoa Uvira, Kongo, aliongoza kwaya ya kanisa. Alikuja na cherehani yake, akatazama chumba cha ofisi yenu chenye kompyuta moja na intaneti, akaomba ufunguo wa Jumamosi asubuhi. Spika aliifuata mjini kwa fundi wa mtaa wa Area 25, na kutoka barabara kuu akaileta kwa kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, ameipakata kama mtoto mgonjwa.

Utaratibu wetu ni huu. Mtoto mmoja anafumba macho na kuweka kidole kwenye ramani. Mwalimu anatafuta muziki wa mahali hapo. Tunasikiliza hadi mwisho, kisha kila mtu anasema alichosikia. Kusema "mbaya" hairuhusiwi, na kusema "nzuri" pia hairuhusiwi, kwa sababu wavivu walikuwa wanajificha humo.

MAFANIKIO

Gabriella, mwenye miaka minane, alitoka Fizi akiwa hapendi sauti yoyote kubwa. Jumamosi tatu alikaa mlangoni, mguu mmoja nje. Siku ya nne kidole kiliangukia Mongolia, akaimba mzee mmoja anayetoa sauti mbili kwa koo moja. Gabriella akaingia ndani, akasema, "Huyu mzee iko na nyuki mu shingo." Tangu siku hiyo anakaa mbele na anaiga nyuki huyo vizuri kuliko sisi sote.

Arakaza, mwenye miaka tisa, ni Mrundi aliyezaliwa hapa hapa kambini. Tuliposikiliza ngoma za Japani, alikunja uso.

"Mwalimu, bale bantu nabo balikimbia?"

"Hapana. Bako kwabo."

"Kwabo kabisa?"

"Kabisa."

"Sasa mugeni wabo iko wapi?"

"Hakuna mugeni, Arakaza. Banapiga tu."

Arakaza akaomba ngoma zile zirudiwe tangu mwanzo. Haya ndiyo mafanikio yetu makubwa, na hatuna picha zake za kukuonyesha.

CHANGAMOTO

Umeme unakatika na mega za intaneti zinaisha. Étienne, hapo unaweza kuruka, mgeni ameshayasikia kila mahali.

Changamoto yetu hasa ni kwamba chumba kimefungwa tangu Februari. Wakati ule habari za nyumbani zilikuwa mbaya kila siku, na mgeni wa siku ile alipochelewa, wazee waliamua tusimame dakika moja kuwakumbuka waliouawa. Wazazi wa Uvira na Fizi walisimama. Mama yake Gabriella alisimama. Katikati ya ukimya ule, spika yetu ikalipuka kwa ndombolo, kwa sauti ya juu kabisa.

Ofisi yako iliandikiwa kwamba Mwalimu Melchior, mwenye ufunguo, ameshindwa kusimamia vifaa na amewadharau marehemu. Alituuliza mara moja tu ni nani. Tukatazama sakafu. Akasema, "Sawa," akaenda kurudisha ufunguo.

Kamati ya kikundi imesoma aya zote za risala hii isipokuwa hizi zinazofuata.

Spika ile niliiunganisha na simu yangu mimi, Ezechiel, ninayewasomea risala hii. Niliweka kengele ya simu, yenye wimbo wa ndombolo, ilie saa nne na nusu, kwa sababu ratiba iliandika kwamba saa nne na nusu mgeni atashuka garini. Nilitaka ashuke kwa ndombolo, tuone atatembea vipi. Shule ya bweni ilinifundisha kwamba ratiba ni kitu cha kuaminika. Simu ilikuwa ndani ya begi, begi liko ofisi ya kambi, nami nimesimama kwenye ukimya pamoja na wenzangu nikihesabu sekunde.

Nilinyamaza kwa sababu nafasi yangu ya kurudi bwenini inangoja barua ya tabia njema, na barua hiyo inatoka ofisini kwako, mama. Étienne, usilainishe.

Wiki iliyopita nilimwendea Mwalimu kwenye cherehani yake.

"Mwalimu, siku ile ni mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Nani mwingine hapa anaweka kengele? Wengine banaamuka na njaa."

"Mbona haukusema?"

"We uko na barua ya shule. Mi niko na cherehani. Enda, unanizibia mwanga."

Mama yake Gabriella, na ninyi nyote mliosimama siku ile: nisameheni. Sikuwacheka watu wenu. Nilimcheka mgeni, na mgeni hakuwa amefika.

MAOMBI

Kamati ilikuwa na maombi sita. Matano yamo kwenye faili pamoja na ya wageni waliotangulia, na yanaweza kuendelea kukaa humo.

Ombi letu ni moja. Mwalimu Melchior arudishiwe ufunguo leo, hapa hapa, mbele ya watu walioona akiurudisha. Jumamosi bado tunakwenda, tunakaa nje ya mlango na kuimbiana tunachokumbuka, lakini kila wiki tunachokumbuka kinapungua. Mongolia amebaki nayo Gabriella peke yake, na koo linamuuma.

Kuhusu barua yangu, ofisi iandike inavyoona. Hiyo haimo kwenye maombi ya kikundi.

Mama Mkurugenzi, Mwalimu yuko nyuma kabisa, karibu na matanki ya maji, magotini ameweka sare ambayo bado hajaipinda. Alidhani tutaomba balbu. Sasa amesikia yote na ameinamia sindano kana kwamba anasemwa mtu mwingine. Hatakuja mbele kwa kupigiwa makofi, tunamjua. Muite kwa jina.

Mungu akufikishe Lilongwe salama, awatunze watu wetu waliobaki Uvira na Fizi, na awape usingizi wote mliokuja hapa mmechoka.

Ni sisi,
Kikundi cha Masikio ya Jumamosi
Dzaleka, Mei 2025