Bi. Selpha Naliaka na Benchi la Matanga

Mwisho wa mwezi huu wa Juni, Bi. Selpha Naliaka anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Aliajiriwa kama karani wa maktaba ya mji kabla kaunti hazijazaliwa, na anaondoka akiwa msimamizi wa Chumba cha Historia hapa Thika. Wengi wetu tunamwita Mama Marvin, ingawa huyo Marvin siku hizi ana ndevu.

Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa upande wa Ruiru, zile tunazoziita laini. Baba yake, marehemu Mzee Khisa, alitoka Bungoma akiwa kijana, akaja kupogoa mikahawa, akakaa mpaka akazeeka. Katika laini hizo Naliaka alijifunza Kikuyu michezoni, Kikamba kwa kutumwa chumvi kwa jirani, na Kibukusu kwa kugombezwa na mama yake. Akikasirika ofisini huwezi kujua ni lugha gani itatangulia, na ndiyo maana funguo za kabati hurudishwa mapema.

Chumba cha Historia kilipokuwa kinaanzishwa, kamati ya wazee chini ya Mzee Kiama iliamua kwamba kila jamii ionyeshwe kwa alama iliyoacha ardhini. Wenyeji walipata ukuta mzima wa picha za mashamba na makaburi ya mababu. Wafanyabiashara wa Kihindi walipata maduka yao ya zamani, yenye mwaka wa kujengwa juu ya mlango. Watu waliotoka magharibi ya nchi, kama kina Mzee Khisa, hawakupata kitu. Walichuma kahawa, walikata mkonge, waliendesha mashine za viwandani, lakini wakifa husafirishwa kwenda kuzikwa kwao. Kwa kuwa hawakuwa na kaburi wala shamba hapa, kamati iliona walikuwa wapita njia tu. Mama Marvin aliyasikia hayo akiwa anamimina chai. Yalimuuma, kwa sababu baba yake alikuwa mmoja wao.

Hakugombana na mtu. Alianza kuzunguka mashambani kila Jumapili baada ya ibada, na siku moja akarudi na benchi refu juu ya mkokoteni. Fundi mmoja wa laini za Ruiru, Kilonzo, alikuwa amelitengeneza zamani kwa mbao za mkaratusi. Kila msiba ulipotokea, benchi hilo lilitolewa nje, na majirani wa kila kabila wakaketi hapo jioni baada ya jioni, wakiimba na kupanga safari ya marehemu. Marehemu alikwenda magharibi, na waliomlilia wakabaki Ruiru.

Wazee walidhani ni mzaha. Benchi, tena lenye mguu mmoja mfupi, lina historia gani? Mama Marvin alimwomba Mzee Kiama aketi kwanza, halafu wabishane. Mzee aliketi, akapapasa ukingo wa ubao. Kisha akasema, “Hapa ndio tulikaa matanga ya Dalmas.” Dalmas, mtu wa magharibi, alikuwa jirani yake huko Mugutha upande wa Ruiru, na ndiye aliyemfundisha kupogoa mikahawa. Mzee alilia mbele ya kamati nzima, bila aibu, na hakuna aliyepinga tena.

Baada ya hapo watu walianza kuleta vitu wenyewe: ngoma ya kwaya, debe la kuchumia kahawa, jezi ya timu ya kiwanda. Vyote vina kibao cha kukataza kugusa. Benchi peke yake lina kibao cha kukaribisha watu waketi, na watoto wa shule kutoka Theta huligombania vibaya sana.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kamati ya kumuaga. Chini ya uongozi wa Bwana Macharia, kamati ilikodi lori la kubeba vitu vyake hadi “nyumbani” Bungoma, na hata maombi ya safari yakapangwa. Hakuna aliyemuuliza, hata sisi tunaofanya kazi katika chumba kile kile chenye benchi. Alipoambiwa, tuliona ameumia. “Macharia,” akasema, “nyumbani ni Kiganjo, hapa hapa Thika. Bungoma naendanga tu Disemba na matanga.”

Macharia aliomba msamaha papo hapo. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, “Sasa Mama, hiyo lori nayo?” Mama Marvin alicheka mpaka akashika ukuta, nasi tukapumua.

Lori halijarudishwa. Ijumaa litapakia viti vya zawadi na sufuria za kamati, lishuke Kiganjo, ambako majirani zake wameshagawana kazi ya kumenya viazi. Sisi tutafuata nyuma.

Asante, Mama Marvin, kwa kazi yako, na kwa kutuvumilia hata wiki ya mwisho. Tunakutakia ustaafu mwema na afya njema, hapa hapa kwenu.